Bunduki Zilizosafishwa kwa Arlys

Huko Halder, kaskazini mwa Wisconsin, mwanamume haambiwi kwamba watu wanamwogopa. Anaambiwa bunduki zake zinaota kutu.

Rafiki yake anakuja na pikapu Jumapili baada ya kanisa, anasimama mlangoni kofia mkononi, anasema mwaka huu unyevu umezidi, hebu nikupelekee zile zikasafishwe. Mwenye nyumba, ambaye labda mkewe amemkimbia, au amezika mtoto, au siku hizi anaanza chupa kabla ya chai, anakwenda kuzileta moja baada ya nyingine. Hakuna anayesema zaidi ya hapo. Zinapelekwa kwa Arlys Pribyl na kukaa huko mpaka mwenyewe apate nafuu. Ni desturi ya watu wenye haya na wenye huruma, na wapo wanaume wanaokula na kunywa Halder leo ambao bila hiyo wangekuwa makaburini. Kwa hiyo asije mtu akaicheka kabla hajasikia mpaka mwisho.

Arlys alikuwa mjane wa miaka sitini na kidogo, mwenye baa katika jengo ambalo zamani lilikuwa benki. Benki ilifilisika, wenyewe wakaondoka, wakaacha nyuma kasiki la chuma lenye ukubwa wa chumba. Marehemu mumewe, Emil, ndiye aliyeanza kuwatunzia watu bunduki humo. Emil alipokufa, Arlys alirithi baa, kasiki na desturi, na pia alirithi ule ukimya wa Emil ambao yeye aliuona ni heshima. Kumwuliza mtu mzima ana nia gani moyoni, kwake kulikuwa sawa na kumvua nguo barabarani.

Novemba ile, ndani ya kasiki mlikuwa na bunduki za wanaume wawili. Wa kwanza Arlys alimwogopa kama mji mzima ulivyomwogopa. Wa pili alikuwa mpishi wake.

Aliyeogopwa ni Corwin Tesch, kijana wa miaka ishirini na sita, mfanyakazi wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha jibini. Alivaa koti refu jeusi, alitembea kando ya barabara akizungumza peke yake, na mtu akimtania hakucheka. Mama yake alipofariki mwezi wa Aprili, mjomba wake alichukua bunduki yake akaileta kwa Arlys, na mji ukashusha pumzi. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," walisema wanywaji wa asubuhi wakimwangalia akipita dirishani, na wakajiona wamesema jambo la busara. Gordy Kvam, askari wa wilaya, alikuwa amekwenda kwake mara mbili kumwuliza anaendeleaje, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine yeyote. Arlys akimwona Corwin alisema moyoni, ndio hawa, ndio wale wauaji tunaowaona kwenye televisheni.

Duane Skaar yeye alikuwa mkaanga samaki. Ijumaa ni siku ya samaki Halder, na watu walitoka vijiji vya jirani kuja kula wa Duane, wenye ganda linalovunjika mdomoni, pamoja na mkate mweusi na kabichi. Alikuwa zimamoto wa kujitolea, alifundisha watoto besiboli, na alijua mbwa wa kila mtu anaitwaje. Mwezi wa Agosti mkewe Janelle alimwacha akarudi shambani kwa wazazi wake. Mji ulimhurumia sana Duane. Janelle ulimhurumia kwa kiasi.

Na ni Janelle aliyeomba. Alikuja kwa mlango wa nyuma siku ambayo baa hufungwa, akakataa kuketi.

"Arlys, nataka uzichukue za Duane."

"Kwani amekupiga?"

"Hajanipiga hata siku moja. Ameniambia nisiporudi, kwetu hakuna atakayeiona Krismasi."

"Hasira hizo, mwanangu. Wanaume huropoka."

"Hakuwa na hasira." Janelle alifunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni, na siku ilikuwa ya joto. "Alikuwa anapaka mkate siagi."

Arlys akamwambia basi aende mahakamani, hakimu atoe amri. Janelle akatikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kuliwaza hilo mpaka limechakaa.

"Nikienda kwa hakimu atanyang'anywa mbele ya watu. Gazeti litaandika. Zimamoto watamtoa, watoto wa besiboli watatolewa mikononi mwake, na wewe utaambiwa huna haya kumweka jikoni. Atabaki na nini cha kumzuia? Wewe ukizishika, hakuna anayeaibika. Mimi nataka kujua ziko wapi, basi. Nikijua ziko wapi nitalala."

"Nitazishika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka useme wewe," Arlys akamjibu.

Arlys alimwambia Duane unyevu umezidi, na Duane akazileta mwenyewe Jumapili hiyo, mwili mzima ukicheka. Ilikuwa bunduki ya kuwindia kulungu, nyingine ya marisau ya kupigia ndege, na bastola moja ndogo iliyofungwa katika soksi ya sufu. "Uzipake mafuta vizuri, bosi," alisema. "Hasa hiyo ndogo, inapenda kudekezwa." Arlys aliziingiza kasikini na kuzungusha gurudumu la mlango, na walikwenda pamoja jikoni kutazama kama viazi vilivyoletwa ni vizima.

Majani yakapukutika, baridi ikaja. Duane alipungua tumbo, akanyoa vizuri, akaanza kupiga mluzi jikoni. Wale waliomhurumia wakaambiana kwamba ameshavuka. Arlys naye aliona hivyo, na akafurahi, maana alimpenda yule mtu kama mdogo wake.

Sasa ni lazima ieleweke kulungu ni nini Halder. Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, msimu hufunguliwa, na kwa siku tisa mji hauna mwalimu, fundi wala kasisi. Una wawindaji tu, wamevaa makoti ya rangi ya chungwa, wanaulizana umepata? Mwanamume mzima kukosa bunduki asubuhi ya kufungua ni aibu inayofuata watoto. Ndiyo maana tangu enzi za Emil hakuna bunduki iliyowahi kulala kasikini siku hiyo. Emil alikuwa na msemo wake: mtu anayeweza kumngoja kulungu alfajiri nzima kwenye theluji, hana haraka ya kufa wala ya kuua mtu. Watu waliupenda msemo huo. Ulikuwa na sauti ya kweli, na hakuna aliyewahi kuuchunguza.

Alhamisi asubuhi, Corwin Tesch aliingia, akasimama mbele ya kaunta bila kuvua koti.

"Nimefuata bunduki yangu, mama."

"Bado haijawa tayari."

"Tangu Aprili?"

"Ina kutu nyingi, Corwin."

"Haina kutu. Nilikuwa naipaka mafuta kila wiki." Alisema polepole, kama anayemrekebisha mtu aliyekosea njia. "Nyama ya kulungu ndiyo huwa nakula mpaka Machi."

"Pita wiki ijayo."

Corwin aliutazama mlango wa kasiki, akamtazama Arlys, akaitikia kwa kichwa. Hakubisha wala hakutukana. Alipotoka, Arlys alijipongeza kwa ujasiri.

Alasiri hiyo hiyo Duane alikuwa anamenya viazi vya samaki wa kesho.

"Bosi, si unajua keshokutwa ni kufungua?"

"Nitaachaje kujua? Nimeshaagiza pombe mara mbili."

"Zimamoto wamenialika kambini kwao. Sasa niende na ufagio?"

Arlys akacheka. Akauliza, "Unalala siku hizi?"

"Kama mtoto mchanga."

Hapo ndipo alipofika, na hakusonga mbele. Swali hilo dogo lilikuwa karibu kabisa na lile lenyewe, la nia yake moyoni, wala Duane hakuwa na haraka. Alikuwa na ndoo nzima ya viazi mbele yake. Lakini Arlys alifuta mikono, akaenda, akafungua kasiki.

Duane alichukua ya kulungu, akaitazama kwa mapenzi. Akachukua ya ndege. Kisha akanyoosha mkono kwenye ile soksi ya sufu. Arlys aliona. Hakuna mtu wa Halder anayekwenda kuwinda kulungu na bastola, na alilijua hilo tangu utoto. Ingekuwa rahisi kusema hii iache hapa. Lakini ukisema iache, utaulizwa kwa nini, na ukiulizwa kwa nini itabidi useme, na ukisha kusema, yule mtu aliyekaanga samaki wako miaka yote atakutazamaje? Basi akamwachia, akamwambia awasalimie zimamoto.

Na Janelle? Arlys alimkumbuka, msidhani hakumkumbuka. Alisema atamwambia kesho, maana Janelle huja kula samaki. Mambo kama hayo hayasemwi kwenye simu.

Ijumaa baa ilijaa mpaka watu wakala wamesimama. Duane alikaanga kana kwamba anashindana na mtu; alipotoka kuleta sahani, watu walimpigia makofi. Janelle alikuja mapema, akaketi kwenye kona ya kaunta palipo mbali na jiko, na Arlys akamsogelea na sentensi yake tayari ulimini.

"Umependeza," Arlys akaanza.

"Ni usingizi." Janelle alicheka, akajigusa chini ya macho. "Mama anasema nimerudi kuwa na sura. Tangu uwe nazo nalala, Arlys. Sikuwahi kukushukuru."

Arlys akaiona sentensi yake inazama. Alipiga hesabu ya haraka, ile ya watu wema: msimu ni siku tisa tu, Duane yuko kambini na wanaume kumi, ukiisha zinarudi kasikini, na huyu binti atakuwa amelala siku zote hizo kwa raha. Ya nini kumvurugia? Akamwuliza kama atakula pai. Janelle akasema atakula, ya tufaha.

Jumapili, saa sita mchana, mlio wa bunduki Halder katikati ya msimu haumfanyi mtu ainue kichwa. Shambani kwa wazazi wa Janelle, wawindaji walikuwa wamerudi kula. Walikuwa baba yake, Orrin Amdahl, kaka yake Keith, na mke wa Keith, na Janelle aliyepika supu. Desturi ya kule ni kwamba bunduki haivuki mlango; wanazitoa risasi na kuziegemeza barazani, wanaingia na soksi. Mama, Verna, alikuwa ameshuka stoo ya chini ya nyumba kuchukua matango ya siki. Duane aliingia kwa mlango wa jikoni ambao alikuwa ameutumia miaka kumi na tano, na hakuna aliyeshtuka, maana walimjua.

Verna alipiga simu ya polisi kutoka gizani kule chini. Alinong'ona kwamba wanapiga risasi ndani ya nyumba. Hakuweza kusema ni nani, kwa kuwa hakuwa amemwona.

Gordy Kvam alikuwa karibu. Alipokata kona ya barabara ya kwa akina Amdahl alimwona Corwin Tesch na koti lake jeusi, na wala hakufikiri mara mbili. Alisimamisha gari, akamlaza kifudifudi kwenye theluji, akamfunga pingu. Corwin alikuwa anakimbia kuelekea shambani. Alikuwa amesikia kwamba mlio ule si wa bunduki ya kulungu, na alimwambia Gordy hivyo, mdomo ukiwa kwenye theluji: "Ni bastola, afisa. Kwa Amdahl. Imenyamaza." Gordy alimwambia afunge domo. Daktari alisema baadaye kwamba hata angepita moja kwa moja, wasingeokoka. Gordy huwa anawaambia watu maneno hayo ya daktari kila akinywa, bila kuulizwa.

Walikufa Janelle, Orrin, Keith na mkewe, na Duane akajimaliza mwenyewe barazani.

Gari la televisheni lilifika kabla jua halijazama. Kijana aliyeshika kinasa sauti alimwuliza Arlys kama muuaji alikuwa mpweke. Arlys akasema alijua mbwa wa kila mtu. Alikuwa mgonjwa wa akili? Hapana. Alicheza michezo ya vita kwenye kompyuta? Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na bunduki ya kijeshi, ile ya risasi nyingi? Arlys akasema alikuwa na bastola ya ndani ya soksi.

"Kwa hiyo ni ugomvi wa kifamilia," kijana akasema, na akakunja nyaya zake.

Jumatatu mchana walikuwa wamekwisha kwenda. Juma hilo hilo kulikuwa na mtu aliyefyatua risasi kwenye duka kubwa jimbo jingine, akaua watatu asiowajua, na nchi nzima ikasimama kumjadili. Wanne wa Halder hawakutosha, kwa kuwa waliuawa mezani kwao na mtu waliyemkaribisha. Arlys alichukia jambo hilo kuliko alivyotegemea. Kana kwamba marehemu wana daraja, na anayeuawa na mumewe amejitakia kidogo.

Na baani nako walisema yao. "Alirukwa na akili tu," walisema. "Ghafla. Nani angejua?" Arlys aliendelea kuosha glasi. Alikuwa amefungua jiko Jumamosi akakuta karai limesuguliwa mpaka linang'aa, mafuta mapya yamewekwa, visu vyote vimenolewa. Mbwa wake wa kuwindia ndege Duane alikuwa amempa mtu wa posta tangu Oktoba, na watu walisema ni kwa sababu nyumba aliyopanga haitaki mbwa. Mtu aliyerukwa na akili ghafla hagawi mbwa Oktoba.

Mwingine akasema, "Angekuwepo mtu mmoja tu ndani mwenye bunduki."

"Zilikuwepo barazani," Gordy akamjibu bila kumtazama. "Za kutosha. Keith alikuwa anazifuata."

Mtu akawasha redio.

Gordy alibaki wengine walipoondoka. Alikuwa mtu mnene mwenye moyo laini, na alitaka kumfariji Arlys.

"Dada, usijiue kwa mawazo. Ungemnyima, angepanda gari mpaka mjini akanunua nyingine. Hakuna sheria ambayo ingemzuia. Hakuna aliyemshtaki."

"Labda."

"Si labda. Na dalili zenyewe zipi? Aliachwa na mke. Alisafisha jiko. Alicheka. Ukiwanyima wote wa namna hiyo utahitaji benki nyingine."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na Arlys alikuwa ameshalizungusha kichwani usiku kucha. Alikuwa amewataja mmoja mmoja wanaume wa Halder walioachwa, waliokonda, waliogawa mbwa, na karibu wote walikuwa watu salama waliokuwa na huzuni tu. Hakukuwa na alama usoni. Angekaa miaka mia kwenye dirisha lile akiwatazama wakipita na asingemtambua.

"Labda angenunua nyingine, Gordy," akasema mwishowe. "Lakini Janelle angejua. Angekuwa amefunga mlango wa jikoni. Mimi ndiye niliyemfanya alale."

Gordy akachukua kofia yake. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema akitoka, na ingawa alimaanisha Duane, Arlys alibaki na methali hiyo peke yake na akaona inamtosha yeye.

Siku chache baadaye Corwin alikuja kula. Alikuwa na mchubuko kwenye shavu. Watu waliangalia sahani zao. Arlys alimwekea supu, kisha akaenda kasikini, akarudi na bunduki yake, akailaza juu ya kaunta mbele ya macho ya wote.

"Haikuwa na kutu," akamwambia. "Nisamehe."

Corwin aliiangalia muda mrefu, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti. "Irudishe humo, mama. Nikipita nayo barabarani wiki hii, wao ndio watakaonipiga risasi."

"Basi nikupe nyama. Ninayo kwenye friza."

"Nyama nitachukua," Corwin akasema. Akala supu yake. Alipomaliza aliongeza, kama aliyeona anadaiwa maelezo, "Hili koti watu hawalipendi, lakini ndilo lenye joto."

Arlys alidhani aibu yake ingeishia hapo, mbele ya Corwin. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na mjukuu huyu alikuja Desemba, asubuhi nyeupe ya jua, akiendesha pikapu ya Orrin.

Verna Amdahl alishuka akiwa amechana nywele na kupaka rangi ya mdomo. Alizibeba mwenyewe bunduki za mumewe na za mwanawe, akakataa kusaidiwa, akazipanga juu ya kaunta. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na alipumua kwa nguvu alipomaliza.

"Verna," Arlys akaanza. Alikuwa ameandaa maneno tangu mazishi.

"Gordy ameniambia. Za Duane ulizirudisha Alhamisi."

"Ndiyo."

"Na Ijumaa binti yangu alikuwa hapa. Kwenye kiti kipi?"

Arlys akakionyesha. Verna akaenda akakikalia.

"Hukumwambia."

"Sikumwambia. Alisema analala. Sikutaka kumwondolea usingizi." Maneno hayo, aliyokuwa ameyaona ni ya huruma, yalitoka yakawa hayafai kitu.

"Sikuja kukusamehe," Verna akasema. "Pengine siku moja. Sijui. Nimekuja kwa sababu nyumba imejaa hizi na mimi niko peke yangu nazo. Na nimekuja kwako kwa kuwa wengine wote watanionea huruma. Huruma yenu siitaki tena, mmeona ilichotufanya."

"Nitazishika. Sitazitoa kwa mtu."

"Utazitoa. Nitakuja kuzichukua mimi mwenyewe. Nitakuja hivi hivi, nimechana nywele, nina pai mkononi, nitakuchekesha. Nitasema nataka kumpa mpwa wangu. Na wewe utaona haya, utafungua." Alivua glavu moja, akaiweka mapajani. "Siku hiyo uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Unajua nini. Lile ambalo hakuna aliyemwuliza Duane. Hata mimi sikumwuliza, na alikula kwangu kila Jumapili. Nilimwona ananitazama siku ile alipoleta masanduku ya nguo za Janelle, nikampa kahawa."

"Nitakuuliza, Verna. Nakuapia."

"Hutaweza. Hujawahi. Anza leo."

Arlys alishika ukingo wa kaunta. Alikuwa amewahi kumwosha mumewe maiti, alikuwa amewahi kuwatenganisha walevi wenye visu, na sasa ulimi wake ulikuwa umekauka kwa ajili ya maneno ambayo mtoto angeweza kuyatamka. Verna hakumsaidia. Alikaa kwenye kiti cha binti yake akangoja.

"Verna," Arlys akasema. "Unataka kujiua?"

"Ndiyo," Verna akasema. "Asubuhi, hasa. Nikisikia nyumba ilivyo kimya huko juu wakati niko stoo."

Paa halikuanguka. Verna hakukasirika, hakujifunika uso, wala hakuwa amevuliwa nguo barabarani. Alivua glavu ya pili akaomba maji. Arlys alikwenda akafunga mlango wa baa kwa ufunguo, ingawa ilikuwa karibu saa ya chakula, akaleta maji, akavuta kiti karibu. Hakujua baada ya swali hilo linafuata lipi. Akauliza hivyo hivyo, vibaya, akigugumia, na Verna akamjibu, akauliza tena. Nje watu walijaribu mlango, wakaondoka.

Lilikuwa jambo la nusu saa, muda wa kumenya ndoo ya viazi. Arlys alilijua hilo akiwa bado anasikiliza, na ndilo lililomliza.